Bandari Iliyoganda Ukutani: Tathmini ya Picha ya Britannia Iliyochapishwa Kisumu

Picha ninayoitathmini inauzwa katika mojawapo ya maduka ya fremu yaliyo katikati ya mji wa Kisumu, ambako imetundikwa kati ya simba wa Maasai Mara na shamba la mizabibu lisilo na jina wala nchi. Inaonyesha meli ya mvuke ikiondoka katika bandari ya Boston, nchini Marekani, mwezi wa Februari 1844, huku bahari iliyoizunguka ikiwa imeganda na umati wa watu ukiwa umesimama juu ya barafu hiyo kuitazama ikipita. Hukumu yangu ni hii: picha yenyewe ni ya thamani na inafaa kutundikwa katika nyumba yoyote ya mji huu, uchapishaji wa duka hilo ni mzuri endapo mteja atausimamia, lakini kanvasi wanayompendekezea kila anayeingia inaiharibu picha hii, na lebo wanayoibandika nyuma yake haisemi kweli.

Britannia ndiyo iliyokuwa meli ya kwanza ya barua ya kampuni ya Samuel Cunard, na ilianza kuvuka Atlantiki mwaka 1840 ikitoka Liverpool kwenda Halifax na Boston. Ilikuwa meli ya mbao yenye urefu wa mita 63 hivi, dohani moja na gurudumu la makasia kila ubavu, na juu ya hayo yote ilibeba milingoti mitatu yenye matanga, kwa kuwa mabaharia wa wakati ule hawakuwa tayari kuiachia injini peke yake roho zao. Serikali ya Uingereza iliilipa kampuni hiyo ili barua zisafirishwe kwa ratiba isiyobadilika, na Boston ikajivunia kuwa kituo cha huduma hiyo wakati New York, mji mkubwa kuliko huo, ulikuwa bado unaitamani.

Baridi ya mwaka 1844 iliitia fahari hiyo mashakani. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi joto 1.8 hivi chini ya sifuri, si kwenye sifuri kama ambavyo maji ya ziwa letu yangeganda iwapo jambo hilo lingewezekana, lakini bandari ya ndani ya Boston hupokea maji ya mito ya Charles na Mystic, kwa hiyo chumvi yake ni pungufu na barafu huipata kwa urahisi zaidi. Bandari ikafungwa, na Britannia ikabaki kwenye gati lake la East Boston ikiwa na barua ambazo zilipaswa kuondoka. Wafanyabiashara wa mji walielewa haraka kwamba hasara ya kuchelewa kwa safari hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile ya London kuanza kuuliza kwa nini barua za serikali zipelekwe katika bandari inayoweza kufungwa na hali ya hewa. Wakachangishana fedha na kulipia ukataji wa mfereji wa maili kadhaa kupitia barafu hadi kwenye maji yaliyo wazi.

Jambo ambalo picha hailielezi, na ambalo mtazamaji anapaswa kulijua, ni kwamba Boston ilikuwa na watu ambao riziki yao ya kila siku ilikuwa kukata barafu. Frederic Tudor wa mji huohuo alikuwa amepeleka shehena ya barafu katika kisiwa cha Martinique tangu mwaka 1806, na kufikia mwaka 1833 barafu ya mabwawa ya Massachusetts ilikuwa ikishushwa Calcutta, baada ya safari ya miezi ndani ya meli, ikiwa bado haijayeyuka yote. Nathaniel Wyeth, aliyefanya kazi katika biashara hiyo, alibuni jembe la kukokotwa na farasi lililochora mistari mirefu iliyonyooka juu ya barafu ili mapande yakatwe kwa vipimo sawa. Kwa hiyo bandari ilipofungwa, misumeno ilikuwepo, farasi walikuwepo na mafundi walioijua kazi walikuwepo; kilichobadilika ni kwamba safari hii hakuna aliyeihitaji barafu yenyewe, bali nafasi ambayo ingebaki baada ya kuiondoa. Tarehe 3 Februari Britannia ikatoka.

Mchoraji alifanya uamuzi wa busara wa kutoitafuta dhoruba. Picha nyingi za bahari za karne ya 19 hupenda mawimbi yaliyoinuka, tanga lililopasuka na nahodha anayeomba Mungu. Hapa bahari imelala kama sakafu, na msisimko wote umehamia kwa watu. Meli inapita katika njia nyembamba yenye maji, moshi ukiinuka kutoka kwenye dohani, na pande zote mbili kuna raia wa mji waliovaa makoti na kofia ndefu, wakiwa karibu kiasi kwamba unahisi wangeweza kuzungumza na abiria. Hiyo ndiyo ajabu ya picha hii: nchi kavu imeifuata meli hadi baharini. Mtu wa kawaida, ambaye kwa desturi humuaga msafiri akiwa gatini, hapa anatembea sambamba na meli.

Nimeona wageni wakiitazama kwa muda mrefu kuliko picha za wanyama, na nadhani sababu yake haiko mbali. Mkaazi wa Kisumu hahitaji kufundishwa maana ya bandari iliyofungwa. Magugu maji yalifika katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 Ghuba ya Winam ilifunikwa kiasi kwamba mashua za wavuvi zilinaswa na meli zikashindwa kulifikia gati ambalo reli ilijengwa hadi hapa mwaka 1901 kwa ajili yake. Tuliona uwanja wa kijani mahali pa maji. Hata baada ya wadudu waharibifu wa magugu kuachiliwa na sehemu kubwa kupungua, upepo bado huyaleta na kuyaondoa majani hayo apendavyo Mola, na mvuvi wa Dunga huweza kulala akiwa na njia na kuamka akiwa hana. Tofauti ni kwamba barafu ya Boston ilikuwa na msimu, na mwezi Aprili haungeikuta. Magugu hayana mwezi wa kuondoka. Mtu aliyewahi kuwaona vijana wakiyasukuma magugu kwa miti mirefu ili mtumbwi upite ataielewa kazi ya mfereji huu bila maelezo.

Sasa nije kwenye bidhaa. Nakala ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya kanvasi iliyovutwa juu ya fremu ya mbao, ya ukubwa unaokaribia karatasi ya A2, kwa shilingi 4,200. Kwa mbali ilipendeza. Nilipoikaribia niliona kwamba kanvasi imepakwa vanishi nzito yenye mikwaruzo ya brashi, ili mteja aamini kuwa rangi imepakwa kwa mkono, na lebo ya nyuma iliandikwa “mchoro wa mafuta, karne ya 19”. Karne ni sahihi. Mafuta si sahihi. Asili ya picha hii ni litografia, yaani mchoro uliochorwa juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta, kisha jiwe likaloweshwa maji na kupakwa wino, wino ukashika penye mafuta tu na kukataa penye maji, na karatasi ikagandamizwa juu yake. Mbinu hiyo ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, na kufikia miaka ya 1840 ndiyo iliyokuwa njia ya haraka ya kuwauzia watu picha ya tukio lililokuwa bado midomoni mwao. Rangi, pale zilipokuwepo, mara nyingi ziliongezwa baadaye kwa mkono, nyepesi kama chai ya maziwa mengi.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa mtu mwenye muda mwingi, kwa sababu picha ni picha. Sikubaliani nao, na sababu zangu zinaonekana kwa macho. Kalamu ya litografia huacha chembechembe, kwa kuwa uso wa jiwe umesagwa ukawa na vinyweleo, na ni chembechembe hizo zinazoifanya anga ya Boston ionekane nzito na baridi bila mchoraji kutumia rangi nyingi. Nyuzi za kanvasi nazo zina chembechembe zake, kubwa zaidi na zilizopangwa mraba mraba. Ukiweka moja juu ya nyingine, anga inakuwa kama gunia, na kamba za milingoti, ambazo kwenye asili ni mistari myembamba iliyonyooka, zinakatikakatika kila zinapovuka uzi. Mikwaruzo ya vanishi inaongeza uovu: mmoja wao ulipita juu ya nyuso za watu waliosimama upande wa mbele na kuwafanya waonekane wamefunikwa na nailoni.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa pembeni. Kanvasi hukunjwa kwenye kingo za fremu, na ili kupata kitambaa cha kukunja, aliyeandaa faili aliikuza picha hadi sehemu ya chini ikapotelea nyuma ya ubao. Sehemu hiyo ndiyo yenye maandishi. Litografia za aina hii huchapishwa zikiwa na maelezo chini yake, na hapa maelezo hayo yanataja meli, mahali ilipoondokea na tarehe. Kwa hiyo duka liliyaficha maandishi yanayosema ukweli, kisha likabandika nyuma lebo yake lenyewe isiyosema ukweli. Nilipoigeuza fremu na kuinua kitambaa kwa ncha ya kisu niliyakuta maneno yamekunjwa chini ya pini, mstari mzima, kichwa chini.

Rangi nazo zilikuwa zimeguswa. Karatasi ya asili ina weupe wa krimu, na barafu katika picha hii ni ile karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Kompyuta ya duka iliuona ukrimu huo kama uchafu, ikauondoa, na barafu ikawa na ubuluu wa tangazo la dawa ya meno. Barafu ya bandari, iliyokanyagwa na maelfu ya watu, farasi na vigari, haiwezi kuwa buluu namna hiyo. Hata mvua ya mawe ya Kericho, ikikaa chini nusu saa na kukanyagwa, hupata rangi ya njia.

Kuhusu huduma sina neno baya. Niliirudisha nakala hiyo na kueleza yaliyo hapo juu kwa kirefu, pengine kirefu kuliko ilivyohitajika, na kijana wa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mwalimu, siku hizi wateja wanataka kanvasi,” akasema kwa adabu. “Karatasi na kioo watu wanaweka vyeti.”

“Basi nitengenezee hii kama cheti, mwanangu,” nikamjibu. “Hiki ni cheti cha bandari.”

Alicheka, akafungua faili mbele yangu, na tukakaa pamoja tukirudisha ukingo wote na kufuta marekebisho ya mwangaza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba anaijua kazi yake vizuri sana. Alinionyesha kwamba faili iliyotumiwa kwa kanvasi ilikuwa ndogo, na kwamba kanvasi ilichaguliwa kwa sehemu kwa sababu nyuzi zake huficha udogo huo. Kwa karatasi angehitaji faili kubwa zaidi, naye akaitafuta na kuipata miongoni mwa makusanyo ya picha za kale yaliyo wazi kwa umma. Kazi ya mwaka 1844 haina haki miliki tena, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Duka halikunitoza upya isipokuwa gharama ya kioo, na wala halikulazimika kufanya hivyo, maana kanvasi ndiyo niliyoichagua mwenyewe kutoka ukutani kwao.

Nakala ya pili iko kwenye karatasi nzito isiyong'aa, ndani ya fremu nyeusi nyembamba, na tofauti yake na ile ya kwanza ni kubwa kiasi kwamba mke wangu aliuliza kama ni picha nyingine. Sasa kamba zinaweza kufuatwa kwa kidole kutoka kwenye mlingoti hadi ubavuni mwa meli. Foromali, zile boriti za kulalia matanga, zinaonekana zimekaa msalaba. Moshi umekuwa na uzito. Jambo lililonifurahisha zaidi ni ukingo wa mfereji: pale maji meusi yanapokutana na barafu, mchoraji ameacha mstari mwembamba sana wa weupe mtupu, na mstari huo ndio unaoeleza kwamba barafu ina kina, kwamba ni ubao mnene wala si utando. Kwenye kanvasi mstari huo haukuwepo kabisa. Ukiondoka huo, watu wanaelea juu ya rangi. Ukiwepo, wamesimama juu ya kitu kinachoweza kubeba farasi.

Kioo kinastahili aya yake, kwa kuwa wauzaji wengi wa hapa humshawishi mteja akiache. Katika nyumba zilizo karibu na ziwa, jioni ya wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi na kufuata taa, kila kitu cheupe ukutani hupata madoa, na kanvasi iliyopakwa vanishi huwanasa na kuwashikilia. Kioo hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na shughuli ikaisha. Dosari ya kioo ni mng'ao: picha ikitazamana na dirisha, utajiona mwenyewe ukiwa umesimama kwenye barafu ya Boston. Itundikwe kwenye ukuta wa ubavuni, mbali na jua la mchana, kwa sababu wino wa mashine hizi hufifia, na rangi hafifu za picha hii hazina akiba ya kupoteza. Fremu yenyewe ni ya unga wa mbao ulioshindiliwa, haipendi unyevu, na sidhani kama itaishi miaka mingi. Anayetaka ya mbao halisi ataelekezwa kwa fundi wa nje na atalipa zaidi.

Duka hilo lina picha nyingine ya barafu, ile maarufu ya Caspar David Friedrich ya mwaka 1823 hadi 1824 iliyohifadhiwa Hamburg, yenye mapande ya barafu yaliyorundikana na meli iliyopondwa ikichungulia kando. Hiyo ni rangi ya mafuta kweli, na kwayo kanvasi inafaa. Friedrich hakufika kaskazini ya mbali; aliichunguza barafu ya mto Elbe uliopita mjini kwake Dresden, kisha akaikuza. Ni kazi kubwa, hilo halina ubishi, lakini singeiweka sebuleni. Meli yake imekwisha, na hakuna mtu hata mmoja wa kuilaumu au kuiokoa. Katika picha ya Boston kuna mkutano uliofanyika, michango iliyotolewa, vibarua waliolipwa na barua zilizofika. Miaka michache baadaye Cunard ilianza safari za New York vilevile, kwa hiyo Boston haikuishinda hofu yake moja kwa moja. Tarehe 3 Februari, hata hivyo, ilifanya lililokuwa katika uwezo wake, na mchoraji akaliweka kwenye jiwe.

Kwa anayetaka kuiagiza, aseme tangu mwanzo kwamba anahitaji karatasi isiyong'aa, kwamba ukingo mweupe na maandishi ya chini vibaki vyote, na kwamba mwangaza wa picha usiguswe. Bei ya karatasi pamoja na kioo na fremu nyembamba ni shilingi 3,300, ambayo ni chini ya ile ya kanvasi. Aombe kuiona kwenye kompyuta kabla haijachapishwa, na aikuze hadi kwenye kamba za mlingoti wa mbele. Kamba zikionekana kama ngazi, faili ni ile ndogo. Kazi huchukua siku mbili tatu, umeme ukiruhusu, na kwa walio Kakamega, Siaya au Busia duka huifunga kwa maboksi na kuipeleka stejini, ingawa kwa upande wangu nisingekabidhi kioo kwa kondakta wa matatu.